Maumivu Yana Mwenyewe

Msichana aliingia darasani siku ya somo la rekodi namba thelathini na moja, akakaa benchi la nyuma karibu na dirisha. Baridi ya Njombe ilikuwa imewavalisha wanafunzi wote masweta juu ya sare zao, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba sweta lake lilikuwa la shule ya sekondari.

Veridiana Mgaya, mwalimu wa uuguzi wa watoto, hakumwona. Macho yake yalikuwa kwa Odilia, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyelala kwenye kitanda cha mazoezi akiwa amevaa fulana. Ilikuwa fulana nyeusi ya mikono mirefu, nyembamba kama soksi, yenye nyuzi elfu kadhaa zilizogusa ngozi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Iliunganishwa na mtambo wenye rekodi za wagonjwa, na aliyeivaa alihisi kile alichohisi mgonjwa fulani siku fulani: kila mchomo, kila pumzi iliyokwama, kila msuli uliojikaza. Mgonjwa wa namba thelathini na moja alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa ameungua kwa maji ya moto shingoni, begani na mgongoni, na muuguzi alikuwa akimwosha kidonda bila kumpa dawa ya maumivu.

"Dakika ya nne," Veridiana alisema. "Odilia, kitufe unacho mkononi. Ukitaka kutoka, bonyeza. Hakuna atakayekucheka."

Odilia hakubonyeza. Machozi yalimtiririka hadi masikioni. Dakika ya saba ilipofika, mwili wake wote ulijikunja kuelekea kulia, kama ulivyojikunja mwili wa kila mwanafunzi kwa miaka tisa, na vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kutetemeka. Dakika ya kumi na moja mtambo ukazima wenyewe.

Veridiana akamwinua, akampa maji. "Kesho wodini ukipewa mtoto kama huyu, utaanza na nini?"

"Dawa," Odilia alisema, meno yakigongana. "Dawa kwanza, mwalimu. Halafu nasubiri ifanye kazi. Halafu ndiyo maji."

Somo lote lilikuwa hilo. Lingeweza kuandikwa ubaoni kwa mstari mmoja, na kwa miaka mingi liliandikwa, na kwa miaka mingi wauguzi walilisoma, wakafaulu mtihani, kisha wakaenda kuwashika watoto mikono na kuwasugua wakiwaambia nyamaza, tunamaliza sasa hivi. Veridiana mwenyewe aliwahi kuwa mmoja wao.

"Hayo maumivu ni yangu," sauti ilisema kutoka nyuma.

Darasa zima liligeuka. Msichana alikuwa amesimama. Alivuta kola ya sweta pembeni, wakaona kovu lililoanza chini ya sikio la kushoto na kushuka begani, ngozi yake imejikunja kama nailoni iliyopitiwa na moto.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kama mtu aliyekumbuka adabu akiwa amechelewa. "Naitwa Twilumba Mlowe. Nimekuja kuyachukua."

*

Ofisini, Twilumba alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya ridhaa, yenye sahihi ya mama yake na namba 31 iliyopigwa muhuri. Alikuwa ameikuta ndani ya bahasha ya kadi za kliniki. Kwa sasa aliishi Makambako kwa shangazi yake. Tangu mwezi wa pili hakuwa amezungumza na mama yake.

"Nilidhani ni karatasi ya hospitali tu," alisema. "Halafu kaka mmoja jirani yetu, amesoma hapa, akaona kovu langu. Akaniuliza niliungua lini. Akaanza kulia, mwalimu. Mtu simjui vizuri, analia, ananiambia pole kwa dakika ya saba. Dakika ya saba ya nini?"

Veridiana alianza na yale aliyokuwa akiwaambia wageni wa wizara. Kwamba hospitali ishirini na sita zilifuatiliwa kwa miaka sita. Kwamba palipokuwa na wauguzi waliovaa fulana, watoto walioungua vibaya walipewa dawa mapema, walirudi kliniki bila kuburutwa, walipona haraka, na wengi zaidi walibaki hai. Kwamba rekodi nyingine zilijaribiwa, za watu wazima, za watoto waliopewa dawa, na hakuna iliyombadilisha mwanafunzi kama hii.

Twilumba alisikiliza hadi mwisho. "Na mliniuliza?"

"Ulikuwa na miaka mitatu, mwanangu. Tulimwuliza mama yako."

"Sasa nina kumi na tatu. Niulizeni." Akasubiri kidogo. "Wewe umevaa mara ngapi?"

"Kila darasa linapoanza navaa kwanza mimi. Mara mia mbili na zaidi."

"Basi unanijua kuliko ninavyojijua." Msichana alisogeza kiti. "Mimi sikumbuki kitu. Mama anasema nilivuta sufuria ya viazi. Shangazi anasema mama aligombana na baba siku hiyo, akanimwagia kwa hasira. Nimetoka nyumbani kwa sababu hiyo. Wewe ulikuwa ndani yangu, mwalimu. Nani mkweli?"

Veridiana aliinuka akafunga dirisha, ukungu ulikuwa unaingia. Kwa miaka tisa alikuwa na jibu lake mwenyewe. Katika dakika ya saba mtu alimkaribia mtoto yule kutoka kushoto, na kabla ya mtu huyo kugusa chochote, mwili ulikimbia. Moyo ulipaa. Maumivu hayakuwa yameongezeka hata kidogo, lakini hofu ilijaa hadi kooni. Veridiana aliamini alijua ni nani: mama aliyemleta. Mwaka wa kwanza aliwahi kwenda kwa mkuu wa chuo akasema, mtoto huyu anamwogopa mtu wa nyumbani kwake, tuwaarifu watu wa ustawi wa jamii. Akajibiwa kwamba rekodi haina jina, na hofu ya mwili si ushahidi. Alikuwa na mtoto mchanga wakati huo, na madarasa matatu. Akaliacha.

Na sasa jina lilikuwa limekuja lenyewe, limekaa mbele yake, linasubiri.

"Nipe hadi kesho," alisema.

Akampigia shangazi simu, wakakubaliana msichana alale kwa Veridiana.

*

Dokta Ditram Luvanda, mkuu wa chuo, hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimkaribisha chai, akaisoma fomu mara mbili, akaiweka mezani kwa heshima kama cheti cha marehemu.

"Ridhaa ya mzazi inasimama mpaka afikishe miaka kumi na minane," alisema.

"Na akifikisha?"

"Tutazungumza akifika." Akavua miwani. "Dada Veridiana, wewe takwimu unazijua. Katika kila watoto mia moja walioungua vibaya, kwingine wanakufa kumi na tisa. Kwenye wauguzi wetu wanakufa tisa. Watoto kumi. Unaweza kuwataja? Huwezi, kwa sababu wako hai, wanacheza, hawajui hata kama kuna kitu kiliwaokoa. Huyu mmoja unaweza kumtaja kwa kuwa amekuja na miguu yake."

"Tutafute rekodi nyingine."

"Tuipate wapi?"

Veridiana alilijua jibu. Sheria mpya ilikataza kumrekodi mtoto ambaye hajapewa dawa ya maumivu, na ilikuwa sheria nzuri. Yeye mwenyewe alikwenda Dodoma kuitetea. Sheria hiyohiyo ilikataza nakala, ili maumivu ya mtu yasizagae. Namba thelathini na moja ilikuwa moja tu nchini, ndani ya mtambo mmoja, kwenye chumba kimoja chenye bati linalovuja.

"Haiwezi kupatikana tena," Dokta Luvanda alisema taratibu, "kwa sababu hata mara ya kwanza haikupaswa kupatikana. Nalijua hilo. Silali vizuri kwa ajili ya hilo. Lakini siifuti. Mwambie msichana tunamshukuru sana."

Veridiana alitoka akapita uani, akazunguka maabara, akajikuta amefika tena mlango uleule wa mkuu. Akageuka. Akazunguka tena.

*

"Nataka niivae," Twilumba alisema alipoelezwa kwamba mkuu amekataa kuifuta rekodi.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Huruhusiwi chini ya miaka kumi na minane. Na hakuna anayeruhusiwa kuvaa rekodi yake mwenyewe, hata akiwa mzee. Hatujui mwili utafanya nini ukikutana na wenyewe."

"Basi niambie wewe. Mama alinimwagia au hakunimwagia?"

Walikuwa peke yao katika chumba cha mazoezi, saa nane mchana. Wanafunzi walikuwa wameenda wodini. Veridiana alifungua kinywa amwambie. Angesema: ulimwogopa mtu aliyekukaribia. Msichana angemalizia mwenyewe, na mama mmoja mahali fulani angempoteza mwanawe kwa neno la mgeni. Au angesema: sijui. Hilo nalo lingekuwa uongo kwa kipimo chake, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa amejiona anajua.

Akaenda kwenye mtambo. Rekodi ilipita katika njia nne: maumivu, pumzi, mapigo ya moyo, misuli. Akaifunga njia ya maumivu. Akapunguza pumzi na moyo hadi nusu. Akaiacha misuli. Kisha akakata kipande, dakika ya sita hadi ya nane, akachagua fulana ndogo kuliko zote.

"Dakika mbili," alisema. "Kitufe usikiachie. Nikiona uso wako umebadilika, nazima, na hatutajadiliana."

Twilumba alilala. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Mabega tu yalipanda na kushuka kwa pumzi ya mtoto mdogo, fupifupi. Kisha dakika ya saba ikafika. Mwili ukajikunja kuelekea kulia. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza.

Veridiana alikuwa tayari amenyoosha mkono azime.

"Usizime," msichana alisema. Kipande kikaisha. "Rudisha."

Akarudisha. Mara ya pili Twilumba aliinua shingo akautazama mkono wake kama anautazama wa mtu mwingine. Mara ya tatu alikuwa analia, lakini kilio chake kilikuwa na kicheko ndani.

"Darasani mnasemaje kuhusu vidole hivi?"

"Tunasema vinatetemeka. Kwa hofu."

"Havitetemeki, mwalimu. Ninasugua. Ona." Akainua mkono hewani, kidole gumba kikipita juu ya cha shahada, kwenda na kurudi, taratibu, kama anayepima ubora wa kitambaa. "Hili ni sikio la mama. Hapa chini, penye hereni. Nililala hivi mpaka darasa la pili. Alikuwa ananiambia, wewe utaning'oa sikio nibaki na moja."

Veridiana alivuta kiti akakaa.

Mama alikuwa upande wa kulia. Alikuwa ameinama, kichwa chake karibu kabisa na cha mtoto, kiasi cha mtoto kulifikia sikio. Mwili haukuwa umemkimbia. Ulikuwa umemkimbilia. Na aliyekuja kutoka kushoto, aliyejaza hofu ile hadi kooni, alikuwa yule ambaye mtoto alishakutana naye jana yake na juzi yake, na sasa anarudi na beseni. Muuguzi. Mara mia mbili Veridiana aliivaa hofu hiyo na hata mara moja hakuwaza kwamba yeye ndiye anayeogopwa. Kwamba ni sare yake, na viatu vyake vyeupe, na ile sauti yake ya nyamaza tunamaliza. Alikuwa amembebesha mzigo mwanamke asiyemjua, kwa miaka tisa, bila hata kumwambia.

Alitamani aishie hapo. Msichana alikuwa anang'aa. Lakini alikuwa amefanya kazi na watoto kwa muda mrefu mno.

"Twilumba, mwanangu, sitakudanganya. Mtoto hushika hata sikio la aliyemwumiza. Hana lingine la kushika. Fulana imetuambia ulimwogopa nani hospitalini. Kilichotokea jikoni haikijui."

Msichana alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Najua. Hilo nitamwuliza mwenyewe." Akavua fulana, akaikunja vizuri, akamkabidhi. "Sasa ifute."

"Hata baada ya kujua?"

"Ndiyo zaidi. Watu wote hao wamemshika mama yangu sikio, mwalimu. Na hata hawajui ni sikio."

*

Mtambo uliuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa sababu. Veridiana aliandika: mwenyewe amekataa. La pili lilikuwa kama ana hakika, na hapo akakaa na kidole chake cha gumba juu ya kioo, hajakibandika.

Aliwatafuta wale watoto kumi. Alijaribu kuwapa sura. Mmoja wa Ludewa, mmoja wa Makete, mmoja bado hajazaliwa. Hawakukaa, kila alipomshika mmoja aliteleza. Hakuwa na hoja ya kumshinda Dokta Luvanda, na alijua kwamba hata angekaa hadi mwaka kesho asingeipata. Nyuma yake msichana wa miaka kumi na tatu alikuwa anafunga vifungo vya sweta, akikosea, akianza upya.

Akabandika kidole.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Kwenye orodha, baada ya thelathini ikafuata thelathini na mbili.

Dokta Luvanda alipoambiwa alikwenda kusimama dirishani, akawapa mgongo. "Umewaua watu usiowajua," alisema. Halafu, baada ya muda: "Na mimi sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kukataa mbele ya mtoto mwenyewe. Toka, tafadhali." Kikao cha nidhamu kilikaa wiki mbili baadaye. Veridiana aliondolewa darasani, akapelekwa hospitali kuwa muuguzi wa wodi.

Twilumba alipiga simu siku moja jioni. Alikuwa amerudi kwa mama yake. Alimwuliza. Mama alisema alikuwa ameipua sufuria akaiweka sakafuni, akageuka kuchukua chumvi.

"Ndivyo tu," msichana alisema. "Kugeuka tu. Anasema hakuna siku ambayo hajageuka tena kichwani mwake. Ugomvi na baba ulikuwepo, hakukataa, lakini baba alikuwa ameshatoka."

"Na wewe?"

"Nimemwamini. Sijui kama nimemwamini kwa sababu ni kweli, au kwa sababu nimechoka kukaa mbali naye. Inawezekana vyote?"

"Inawezekana," Veridiana alisema.

*

Miezi mitano baadaye walikuja wodini wanafunzi wa kwanza ambao hawakuwahi kuvaa namba thelathini na moja. Walikuwa kumi na wanane, wakagawanywa wodi tatu. Mmoja, Aginiwe, aliyeongoza darasa lao, aliwekwa chini ya Veridiana.

Asubuhi hiyo kitanda cha nne kilikuwa na mtoto wa miaka miwili aliyejimwagia uji. Mama yake alikuwa amempakata. Aginiwe aliandaa kila kitu kama kitabu kinavyosema: maji ya uvuguvugu, akayapima, glavu, bendeji safi kwenye sinia. Veridiana alikuwa kitanda cha pili akibadilisha dripu. Alipogeuka, Aginiwe tayari alikuwa ameinua beseni.

Mtoto hakuwa analia. Alikuwa amekazana kama ubao, macho yamefunguka hayapepesi.

"Sista," Veridiana aliita. "Weka beseni chini."

"Maji yatapoa, mwalimu."

"Yapoe. Umempa dawa?"

Aginiwe alitazama chati. "Imeandikwa apewe akilalamika. Nimemtazama tangu nimeingia, ametulia kabisa."

"Hajatulia. Amejificha."

Aginiwe alimtazama mtoto tena, kwa dhati, kama mtu anayeonyeshwa ndege kwenye mti wenye majani mengi. Hakumwona. Veridiana aliona kwamba hamwoni. Wa miaka iliyopita wangemwona kutoka mlangoni.

Alimshika mkono, akamtoa hadi kwenye korido, akamwambia. Alimweleza juu ya pumzi inayogoma kuingia. Juu ya mgongo unaohesabu hatua za anayekuja. Alitumia maneno yote aliyokuwa nayo, na yote yalimfikia Aginiwe yakiwa maneno. Msichana aliitikia kwa kichwa, alikuwa na moyo mzuri, na mkono wake ulikuwa unatafuta kalamu ili aandike.

"Usiandike," Veridiana alisema. "Ingia tena, mikono mitupu. Msalimie mama. Kaa chini, uwe mfupi kuliko mtoto. Mpe dawa. Kisha subiri dakika ishirini."

"Ishirini nzima?"

"Nzima. Nitakaa na wewe."

Wakaingia. Aginiwe alisalimia, akakaa kwenye kigoda, akampa mtoto dawa kwa bomba dogo pembeni mwa mdomo. Mama alipumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Dakika tano. Aginiwe akatazama saa. Dakika nane. Bega moja la mtoto lilishuka kidogo, na kwa ghafla kope zikapepesa, akaanza kulia, kilio kizuri chenye hasira.

"Sasa analia," Aginiwe alisema kwa wasiwasi. "Nimekosea?"

"Hapana. Sasa yuko nasi. Endelea kukaa."

Lakini Veridiana mwenyewe hakuweza kukaa. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, na yeye alikuwa mmoja. Ng'ambo ya ua, katika wodi ya pili, mtoto mwingine alikuwa analia kwa sauti kubwa, na sauti ya kike, ya upole, ilikuwa inamwambia nyamaza, tunamaliza sasa hivi.

Kisha mtoto wa ng'ambo akanyamaza.

Veridiana aliinuka. Alipofika mlangoni alikuwa tayari anakimbia.